Vya Kununua Godauni na Vya Kuazima

Sabuni ya mche nunua katoni nzima. Hilo nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Sabuni ikikaa inakauka, ikikauka inakuwa ngumu, na ikiwa ngumu haiishi ovyo mikononi mwa wasichana wa siku hizi wanaofua kama wanamkomoa mtu. Chumvi nayo nunua. Dagaa chukua gunia, kama una mahali pa kuwaanika tena na kama jirani yako hafugi paka. Ngano usirundike, utakuja kuikuta inatembea. Majani ya chai ya mwaka mzima ni upuuzi, yakifika mwezi wa tatu unakunywa maji ya moto yenye rangi. Mafuta ya kula ya ndoo kubwa ni mazuri kwa mwenye mgahawa, lakini nyumbani watu wakiona ndoo wanamimina kama wamechota kisimani. Na mtu wa Bariadi anayekwenda kununua mchele godauni, mchele umefungwa kwenye mfuko una picha ya mwanamke anacheka, huyo mimi simwelewi. Anacheka nini? Anamcheka yeye. Mchele tunalima wenyewe.

Mimi niliishia darasa la tatu. Baba alisema ng'ombe hawajui kusoma na wanaishi vizuri tu, akanitoa. Nilianza na sufuria moja la uji kwenye maghala ya pamba, msimu wa kuuza, wakulima wamekaa juu ya marobota yao tangu alfajiri wana njaa na hawataki kuondoka wasije wakapoteza foleni. Nikawapelekea uji pale pale walipokaa. Kutoka kwenye uji nikaingia mgahawa, kutoka mgahawa nikajenga vyumba vya kupangisha, nyumba baada ya nyumba, bila mume wa kunishauri maana alikwishakufa. Kusoma nasoma polepole, midomo inacheza. Lakini mtu hawezi kuniuzia kitu kibovu.

Godauni lenyewe ni moja ya yale maghala ya pamba. Mlango ule ule niliokuwa nauzia uji. Mfanyabiashara mmoja amelichukua, amelipiga rangi, ameweka mataa, ameweka matoroli ya kusukuma, na bidhaa zimepangwa mpaka karibu na bati. Huuziwi kimoja. Ni katoni, ni bandali, ni gunia. Na huingii bila kadi yenye picha yako. Siku waliyonipa kadi nilivaa kitenge changu cha kanisani ili nitoke vizuri kwenye picha. Nikaingia nasukuma toroli mahali nilipokuwa nafukuzwa na walinzi, sufuria kichwani. Sikununua chochote siku hiyo. Nilizunguka tu.

Basi tangu nipate ile kadi sikutulia. Nikimaliza chai ya asubuhi miguu inaniwasha. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda mlangoni, nikifika mlangoni naita boda. Chumba cha nyuma ambacho nilikuwa nataka kukipangisha kilijaa. Viberiti, mishumaa, dawa ya mbu, vitambaa vya kufutia vyombo ambavyo hakuna aliyevitumia. Nilikuwa nafungua mlango wa chumba kile hata bila shida ya kitu, nachungulia, nafunga, narudi tena kuhakikisha nimefunga.

Ndipo binti yangu wa mwisho akachumbiwa.

Huyu anafanya kazi ofisi za mkoa, ana kompyuta, ana kiti kinachozunguka. Mchumba wake anatoka Mwandoya, watu wa ng'ombe hasa. Wakatuma ujumbe kwamba ng'ombe za mahari zitaletwa Jumamosi fulani, na wazee watakuja nazo. Sasa kwa asiyetujua, niseme jambo moja. Watu wakileta ng'ombe, macho yao hayako kwenye chakula. Wanaangalia mji. Wanaangalia kama kuna watu, nani anapika, nani anachota maji, nani anamkaripia nani. Wakikuta mji umejaa wanawake wanaohangaika na moshi wanaambiana, huyu binti ana watu, tukimfanyia vibaya watakuja. Wakikuta kimya wanaambiana, huyu hana mtu. Na msichana asiye na mtu huko anakokwenda anaamshwa wa kwanza na kula wa mwisho, awe na kompyuta, awe na kiti kinachozunguka. Mimi nililijua hilo kwa mwili wangu, maana niliolewa nikiwa sina mtu. Kwa hiyo ile Jumamosi haikuwa sherehe kwangu. Ilikuwa ni maisha ya mtoto wangu.

Mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama. Kina sufuria kubwa, kina sahani, kina mabeseni, na kina mwiko mmoja mrefu kama mpini wa jembe, umechongwa kwa mti mzito, wa kusongea ugali wa watu wengi. Ukiwa na msiba au shughuli unakwenda kwa mwenyekiti mwenyewe, kwa miguu yako, unapiga magoti kidogo, unaomba vyombo. Shughuli ikiisha vyombo vinahesabiwa mbele ya watu. Mwaka wa nyuma yake walihesabu kwangu, ikakosekana sahani. Mwenyekiti, ambaye ni rika langu na tumebishana tangu tukiwa wasichana kule Mwamapalala, akaniita mayu, yaani mama, akasema kwa sauti, "Mayu, labda uangalie chini ya vitanda vya wapangaji wako." Watu wakacheka. Sahani ilikuja kuonekana kwa mtu mwingine kabisa, lakini kicheko hakirudishwi. Nikaapa kwamba mimi sitaazima tena hata kijiko.

Na sasa nilikuwa na kadi.

Nilinunua sahani katoni kwa katoni, nyeupe, zina ua la bluu ukingoni. Nilinunua sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea. Viti vya plastiki, vikombe, mabeseni, majagi, vijiko vimefungwa kwa raba. Dereva wa lori alishusha mpaka akaniuliza, "Mama, unafungua hoteli?" Nikamwambia, "Naoza." Akatikisa kichwa.

Binti yangu alikuja jioni kutoka kazini akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma bado ana kitambulisho shingoni.

"Mama, hivi vyote vya nini?"

"Vya Jumamosi yako."

"Umeshaenda kwa mama mwenyekiti?"

"Kufanya nini? Nina vyombo kumzidi."

Akachukua sahani moja akaipiga kwa ukucha, ikalia vizuri. Akairudisha. "Sasa nani atapika?"

"Umepeleka kadi za mwaliko au hukupeleka?"

"Nimepeleka. Kila nyumba."

"Basi watakuja. Nani anakataa nyama?"

Akavua kitambulisho, akakizungusha kidoleni. Mimi nikaanza kupanga vijiko upya, ingawa vilikuwa vimepangika.

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo. Kwa kawaida saa hiyo kwenye mji wenye shughuli unasikia wanawake wanaingia uani, kanga kiunoni, kila mtu na kisu chake, wanaulizana vitunguu viko wapi, wanatukanana kwa mapenzi. Nilitoka nikasimama uani. Mafiga yalikuwa yamewekwa, kuni zilikuwa zimepangwa, ng'ombe dume wa kuchinja alikuwa amefungwa ananitazama. Hakukuwa na mtu. Nikaenda mpaka njiani, nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikarudi. Nikaenda tena. Jua likatoka.

Nikamtuma binti yangu akaamshe wapangaji. Walitoka wanawake wachache, wawili kati yao ni walimu ambao maishani mwao hawajasonga ugali unaozidi wa watu wanne. Dada yangu alikuwepo, lakini mgongo wake haufai, alikaa kwenye kigoda akawa anatoa amri. Vijana wakamchinja dume, hilo likafanyika. Tukawasha moto.

Jua lilipokuwa limepanda ndipo kikundi kikaja. Chote. Nikasikia viatu. Nikageuka, nikawaona wanaingia kwa mstari, wamevaa vitenge vya kushonwa, vilemba vimesimama, kila mmoja na mkoba wake mkononi na kadi ya mwaliko ameishika mbele kama anaingia kwa mkuu wa mkoa. Mwenyekiti ametangulia.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia.

"Mwangaluka. Karibuni."

"Tumekaribia. Tukae wapi?"

Ningefanya nini? Nikawaonyesha viti. Wakakaa kwenye viti vyangu vipya, wakaweka mikoba mapajani, wakatulia. Wanawake ambao kwenye kila msiba wa mtaa ule ndio wanaotangulia kwenye moshi, wamekaa wananitazama mimi napuliza moto.

Walikuwa na haki kabisa, na mimi nilijua wana haki. Kwetu, kumwambia mtu aje kufanya kazi si kwenye kadi. Unamwambia kwa kwenda kuomba vyombo vyake. Hukuomba sufuria, basi hukuomba mikono. Ulimpelekea kadi, basi amekuja kama kadi ilivyoandikwa, mgeni. Binti yangu aliandika kwa herufi za dhahabu, "Karibu ujumuike nasi." Wamejumuika.

Simu ya binti yangu ikaita. Akasikiliza, akaja akaninong'oneza, "Wameshavuka mto. Malori mawili."

Nikasema ugali uanze sasa. Sufuria la godauni lilikuwa linachemka, kubwa, linang'aa, hata masizi yalikuwa bado hayajalizoea. Mwalimu mmoja akamimina unga. Mimi nikachukua mwiko. Nilikuwa nimenunua miko kule, ndiyo, ya mbao nyepesi, laini, imepigwa vanishi, iko kwenye mfuko wa nailoni kama dawa ya meno. Kwa sufuria la nyumbani inafaa. Nikauzamisha mmoja, nikageuza mara ya kwanza, ukaenda. Ugali ukaanza kushika. Nikageuza tena nikiegemea kwa mwili wote, nikasikia kitu kinasema ta! Nikabaki na mpini. Kichwa cha mwiko kimezama ndani ya ugali.

Kwenye viti nikasikia mtu anakohoa kikohozi ambacho si kikohozi.

"Mayu," akaita mwenyekiti, sauti tamu, "sisi wageni soda tunapewa saa ngapi?"

Wakajibana wasicheke. Mmoja akasema, "Mwache mwenye mji, ana kazi. Kwanza amsaidie mwiko wake kutoka majini."

"Si majini, ni matopeni."

"Labda ni mapishi ya mjini, nyama ya mti."

Dada yangu kwenye kigoda akaficha uso kwenye kanga, na najua alikuwa anacheka, hata leo anakataa. Mimi sikucheka. Nilimwangalia binti yangu. Alikuwa amesimama karibu na mlango amevaa gauni lake jipya, ameshika jagi, anatazama njiani. Unga ulikuwa unaungua chini, nasikia harufu. Na mbali kidogo, upande wa barabara kubwa, nikasikia honi ya lori.

Nilitembea mpaka kwa mwenyekiti. Pale uani si mbali, lakini nyie hamjawahi kutembea vile. Nikashusha magoti, goti langu la kushoto lina tatizo, nikalishusha hivyo hivyo. Kwenye vumbi, mbele ya viti vyangu mwenyewe.

"Nkoi wane," nikamwambia, maana yake rafiki yangu wa rika, neno nililokuwa sijamwita tangu ile siku ya sahani. "Nimekuja kuomba mwiko."

"Mwiko?" Akawageukia wenzake. "Jamani, anaomba mwiko. Si tumeambiwa hapa kuna vyombo vya kutuzidi?"

"Vipo. Mwiko sina."

"Godauni hawauzi?"

"Wanauza takataka. Mmeiona."

Akanitazama. Nilidhani ataendelea kunisulubu, na haki alikuwa nayo, mimi ningefanya hivyo mpaka jioni. Lakini honi ikalia tena, karibu zaidi, naye ni mama, ana mabinti.

"Mwiko wetu hauendi peke yake," akasema. "Unajua utaratibu."

"Najua."

Akafungua mkoba wake. Akatoa kanga, imekunjwa vizuri, na kisu kimefungwa ndani ya gazeti. Nikageuka kuwaangalia wengine. Wote walikuwa wanafungua mikoba. Kanga zilitoka, visu vilitoka, mmoja alitoa mpaka jiwe la kunolea. Vilemba vikavuliwa vikawekwa juu ya viti vyangu vikiwa vimesimama hivyo hivyo, kama vichwa vya wageni waliobaki. Na binti wa mwenyekiti akatoka mbio kwenda nyuma ya uzio wa jirani akarudi na mwiko. Ulikuwa umeegemezwa pale tangu alfajiri. Wale wanawake walikuja nao asubuhi, wakauficha, wakarudi kwao kuvaa.

Sijui ningewabusu au ningewapiga.

Malori yalipoingia wazee wa Mwandoya walikuta moshi mpaka machoni. Walikuta mtu anapiga kelele nani ameficha chumvi, mwingine anamwambia chumvi iko puani kwako. Walikuta mwenyekiti juu ya sufuria, miguu ameipanua, mwiko mikononi, anasonga na kutukana, akamwona mzee mmoja anachungulia akamwambia, "Baba, usisimame hapo, ukipigwa na mwiko huu utaturudishia ng'ombe." Yule mzee akacheka akarudi nyuma. Nikamsikia anamwambia mwenzake kwa Kisukuma, "Hapa tuangalie, hawa wanawake si wa kuchezewa." Nilipita na jagi kama sijasikia. Nilipita tena ili nisikie vizuri.

Ugali ule wa kwanza uliungua, tukawapa mbwa, na kichwa cha mwiko ndani yake. Wa pili ulitoka. Ubishi wa ng'ombe uliendelea mpaka jua likalegea, wazee wa upande wetu wakakataa mtamba mmoja kwa kuwa ana jicho baya, wakaleteana maneno, akabadilishwa. Binti yangu aliwahudumia wakwe zake maji ya kunawa na nyuma yake walikuwa wanawake wameshika mabeseni na taulo, hakubaki peke yake hata dakika. Mama mkwe wake akamwuliza, "Hawa wote ni mama zako?" Akasema, "Ndiyo." Na mwenyekiti akadakia kutoka jikoni, "Na tutakuja kumtembelea, tena bila kadi!"

Jioni wakaosha vyombo. Nikaona wanapanga sahani zangu zenye ua la bluu kwenye tenga lao.

"Hizo ni zangu," nikasema.

"Zilikuwa," akasema mwenyekiti, hata hakuinua kichwa. "Huo ni mchenya."

Mchenya ni faini. Kijiji kinamtoza mtu aliyejitenga na wenzake, na akikataa kulipa hata moto wa kuwashia jiko haombi kwa mtu. Nikabishana kidogo, ili isionekane ni rahisi. Nikawaambia wao ni wezi wenye kanga. Wakasema ndiyo, na sufuria pia. Viti wakaniachia, maana havikuingia kwenye tenga.

Sijutii kununua. Kile kikundi leo kina sahani nzuri kuliko kikundi chochote hapa mjini, na walizipata wapi? Nikienda msibani naziona zinapita mikononi mwa watu, nageuza yangu kabla ya kupakuliwa, naangalia ua, naangalia kama imebanduka. Siwezi kula kabla sijaangalia. Watu wananiambia tulia, mayu, sahani haiendi popote.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kubatiza mtoto wake. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nilikwenda kwa mwenyekiti nikashusha lile goti kuomba sahani nilizonunua mwenyewe. Akanipa. Akasema, "Uzitunze, ni za watu." Moyo ulinichemka mpaka nyumbani.

Ubatizo ukaisha, wakahesabu. Sahani moja haipo.

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niliangalia chini ya vitanda vya wapangaji, ndiyo, nilikwenda kuangalia. Niliangalia kwenye jalala. Kesho yake nikaita boda nikaenda godauni na kadi yangu, nikaikuta ile ile, ua la bluu, imepangwa mpaka juu. Nikamwambia yule kijana wa pale, "Nipe sahani moja."

"Bibi, hatuuzi moja. Ni katoni."

"Nimepoteza moja, sijapoteza katoni."

"Ndiyo utaratibu, bibi."

Nilisimama na toroli tupu. Watu wananipita na mabandali yao ya karatasi za chooni, wanaona mzee amesimama. Ningeweza kununua katoni. Nilishaweka mkono juu yake. Kisha nikaona nitafika na katoni nzima kwa mwenyekiti na atasema, kwa sauti tamu ile, kwamba naona umeanza tena. Nikaurudisha mkono. Nikatoka na chumvi.

Nikapitia kwake moja kwa moja, mikono mitupu. Alikuwa anachambua choroko.

"Sahani moja imepotea," nikamwambia. "Sina ya kurudisha. Wanauza katoni tu."

Akachambua kidogo. "Chumvi hiyo ni ya nini?"

"Chumvi ni chumvi. Hiyo inafaa kununua."

"Lete." Akaipokea akaiweka nyuma yake. "Mchenya wako ni mwiko. Shughuli inayofuata utasonga wewe, sufuria lile kubwa, mwanzo mpaka mwisho, na sisi tutakaa kwenye viti vyako."

Shughuli yenyewe ni Jumamosi hii. Nimeshakwenda kwake mara mbili kuushika ule mwiko, kuona nitausimamia vipi na goti hili. Mzito kweli. Leo nitakwenda tena.